Usimbe faili za kompyuta ya nyumbani au uziache? Namna ya kuamua, hatua kwa hatua

Kabla hujajiuliza kama uzisimbe faili zako au uziache, hakikisha kwanza kwamba jambo hilo halijafanyika tayari bila ya wewe kuulizwa. Kompyuta nyingi zinazokuja na Windows 11 hujisimba zenyewe siku ya kwanza, mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Toleo la 24H2 lililotoka mwaka 2024 limeongeza idadi yao, kwani masharti ya vifaa yalilegezwa. Mtu anaweza kukaa Michenzani au Chake Chake akasema mambo ya kusimba hayamhusu, na huku diski yake imesimbwa tangu siku aliyoiwasha. Huyo ndiye aliye kwenye hatari kubwa kuliko wote: ana kufuli na hajui ufunguo uko wapi.

Kusimba ni kuyaandika yaliyomo kwenye diski au kwenye faili kwa namna ambayo bila ya ufunguo hayasomeki, si kwa mtu wala kwa programu. Si sawa na nenosiri la kuingilia Windows. Nenosiri hilo peke yake linamzuia mtu asiye na bisibisi. Mwenye bisibisi anaitoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyengine kwa waya wa USB, na picha zako zote zinafunguka. Hata bisibisi haihitajiki sana, maana flashi yenye Linux inatosha kuiwasha mashine bila ya kuipitia Windows yako kabisa.

Hatua ya kwanza: angalia mashine ilivyo sasa

Kwenye Windows 11 fungua Settings, ingia Privacy & security, utafute Device encryption. Ukiikuta imewashwa, diski yako imeshasimbwa. Usipoiona, ama mashine haikidhi vigezo, ama ni toleo la Pro na unatakiwa uitafute BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski, ndani ya Control Panel. Njia isiyodanganya ni kufungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, kuandika manage-bde -status, na kusoma mstari wa Protection Status. Kwa Mac, nenda System Settings, kisha Privacy & Security, kisha FileVault.

Ukikuta tayari imesimbwa, usiizime kwa hofu. Chukua simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti yako, na utafute namba ya tarakimu 48. Huo ndio ufunguo wa uokoaji. Uandike kwenye karatasi leo hii, halafu uendelee kusoma.

Hapa kuna mtego unaowapata wanunuzi wa mitumba. Laptopu zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai mara nyingi huandaliwa na muuzaji: anaweka Windows, anatia Office, anaingia kwa barua pepe yake ili mambo yaende haraka, kisha anakukabidhi. Ikiwa usimbaji uliwaka wakati ule, ufunguo umekwenda kwenye akaunti ya muuzaji na si yako. Siku utakapouhitaji utaanza kumtafuta mtu ambaye labda ameshahama duka. Ukinunua mashine ya namna hiyo, izime Device encryption, subiri imalize kusimbua, ondoa akaunti ya muuzaji, ingia kwa akaunti yako, kisha uiwashe upya. Ufunguo utakaotoka safari hii ni mpya na utakuwa chini ya jina lako. Bora zaidi ni kuisafisha mashine yote na kuianza upya, ikiwa bado hujaweka kitu ndani yake.

Hatua ya pili: mtaje unayemwogopa

Watu wengi huruka hatua hii wakakimbilia kuchagua programu. Matokeo yake hujikinga na mtu ambaye hayupo, na aliyepo wakamwachia mlango.

Mwizi wa kawaida anataka mashine, si faili. Ataifuta na kuiuza. Lakini huwezi kumjua atakayeinunua, na laptopu inayopanda daladala kila asubuhi au boti ya Pemba kila mwezi inaweza kupotea bila ya kuibiwa. Kwa hofu hii dawa yake ni kusimba diski nzima. Kompyuta ya mezani isiyotoka sebuleni ina hatari ndogo zaidi, ingawa nyumba nazo huvunjwa.

Fundi ni hadithi nyengine, na kwa nyumba za hapa kwetu naona ndiye anayestahili kufikiriwa kwanza. Sisemi mafundi ni wabaya. Nasema mashine inakaa dukani siku kadhaa, vijana watatu wanapita juu yake, na ndani mna picha za harusi ya dada yako: singo, ukumbi wa wanawake, shughuli ambayo simu zilizuiliwa mlangoni ili picha zisitoke. Mpiga picha alikabidhi flashi moja tu kwa familia, na flashi hiyo ikanakiliwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Kusimba diski nzima hakumzuii fundi, kwa sababu ili aijaribu mashine atakuomba nenosiri na wewe utampa. Akishaingia, kila kitu kiko wazi kama unavyokiona wewe. Dhidi ya fundi unahitaji sehemu iliyofungwa ndani ya kompyuta, yenye nenosiri lake mbali, ambalo hulitaji dukani hata ukiulizwa.

Kwa ufupi, diski nzima ni kinga ya mwizi, na sehemu iliyofungwa ndani ni kinga ya fundi. Ukiwaogopa wote wawili, fanya yote mawili, hayagombani.

Kwa watu wa nyumbani wanaotumia kompyuta moja, kinga ni ile ile ya fundi. Ikiwa shida yako ni watoto kufuta faili za kazi, kusimba hakusaidii. Wafungulie akaunti yao ya Windows isiyo na haki za usimamizi, basi.

Virusi havizuiwi na usimbaji wako. Kompyuta ikishawaka na wewe umeshaingia, programu yoyote mbaya inayoendeshwa kwa jina lako inaona unachokiona. WannaCry ya Mei 2017 ilizifunga faili za watu duniani kote, na faili iliyokuwa imesimbwa na mwenyewe ilifungwa tena juu yake kama nyengine. Kinachokuokoa hapo ni nakala ya akiba iliyotengwa na mashine, pamoja na masasisho. Kwa wanaoendelea na Windows 10, masasisho ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hilo ni tatizo kubwa kuliko kusimba au kutosimba.

Kuna mwanya mwengine usiozibwa na programu yoyote ya nyumbani: kibanda cha fotokopi. Umeiskani pasipoti, umeibeba kwa flashi, umeifungua kwenye kompyuta ya dukani, imechapishwa, umelipa, umeondoka. Nakala imebaki pale. Vivyo hivyo cheti ulichokituma kwa WhatsApp kimebaki kwenye simu ya uliyemtumia. Nyaraka za namna hii zikishatoka, kuzisimba nyumbani ni kuufunga mlango mmoja tu kati ya kadhaa.

Hatua ya tatu: zipange faili mafungu matatu

Chukua karatasi. Fungu la kwanza ni zile ambazo mtu mwengine akiziona utaumia wewe, au ataumia aliyekuamini. Fungu la pili ni zile ambazo zikipotea utaumia, lakini mtu akiziona hakuna neno. La tatu ni mengineyo: muziki, filamu, programu za kusakinisha.

Fungu la tatu liache. Fungu la pili mara nyingi ndilo kubwa na ndilo lenye thamani: picha za marehemu babu akiwa Wete, sauti za wazee waliorekodiwa wakisimulia, tasnifu ya mtoto anayesoma SUZA. Hizi msimamo wangu ni kwamba usizitilie kufuli ya peke yake. Zinahitaji nakala nyingi kuliko zinavyohitaji kufuli, na kila kufuli unayoongeza ni njia mpya ya kuzipoteza. Diski yenye hitilafu isiyosimbwa, fundi mzuri anaweza kuokoa nusu ya picha. Iliyosimbwa, bila ya ufunguo hata zile sehemu nzima zilizobaki hazina maana.

Fungu la kwanza ndilo tunalolishughulikia. Mwenye nyumba ya wageni Paje au Nungwi anayehifadhi nakala za pasipoti za wageni lazima aziweke humo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa azilinde. Mwanzo wa kuzilinda, kusema kweli, ni kuzifuta zile za wageni walioondoka zamani na ambazo huna sababu ya kuendelea kukaa nazo. Mwalimu wa skuli anayebeba mitihani ambayo haijafanywa, mtunza fedha wa kikundi cha kuweka na kukopa, daktari mwenye orodha ya wagonjwa kwenye laptopu yake mwenyewe, hao nao hawana haja ya kujiuliza mara mbili. Picha za kina mama zimo. Hati za shamba na nyumba zilizoskaniwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, maneno ya siri ya benki, pia zimo.

Ukikuta fungu la kwanza halina kitu, na kompyuta haitoki nyumbani, huna haja ya kusimba. Weka nguvu zako kwenye nakala za akiba na uishie hatua ya nne. Hakuna aibu katika jibu hilo.

Hatua ya nne: nakala kwanza

Usiguse kitufe chochote cha kusimba kabla hujawa na nakala kamili nje ya mashine. Nunua diski ya nje, nakili fungu la kwanza na la pili, kisha zifungue faili chache kutoka kwenye ile diski uone kweli zinafunguka.

Umeme ni sababu moja. Usimbaji wa diski nzima huchukua saa kadhaa kwenye diski za zamani zinazozunguka. BitLocker imetengenezwa iweze kuendelea ilipoachia umeme ukikatika, lakini umeme unaporudi kwa kishindo ndipo diski zinapokufa, na hilo BitLocker haina dawa nalo. Ifanye kazi hiyo kwa laptopu yenye betri nzima. Kama ni kompyuta ya mezani, iwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba ya nje.

Nakala moja ikae nyumba nyengine. Mwenye ndugu Pemba na yeye yuko Unguja ana bahati: diski ikipanda boti mara moja kwa mwaka, hata nyumba ikiungua kuna kilichobaki. Chumvi ya baharini na unyevu wa masika huvila vifaa taratibu, kwa hiyo ifunge kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu.

Nakala ya fungu la kwanza nayo isimbwe. Kufunga kompyuta halafu kuacha diski ya nje wazi juu ya kabati ni kazi bure. Kwa diski ya nje BitLocker inafaa, lakini kuna masharti: kuisimba unahitaji Windows Pro, wakati kuifungua na kuisoma inawezekana hata kwenye Home. Mac haiisomi yenyewe. Kwa familia yenye kompyuta za aina tofauti, VeraCrypt ninayoieleza hapa chini ni salama zaidi.

Hatua ya tano: chagua njia moja, uitekeleze

Diski nzima. Kwenye Windows 11 Home yenye Device encryption, ni swichi moja. Iwashe na usubiri. Kwenye Pro, bonyeza kulia diski C, chagua kuwasha BitLocker, na itakapokuuliza ufunguo wa uokoaji uhifadhiwe wapi, chagua akaunti yako na pia uuchapishe. Kwenye Mac ni FileVault, na kwa Linux njia nyepesi ni kuichagua wakati wa kusakinisha, maana kuisimba baadaye ni usumbufu. Jambo moja usilisahau: Windows iliyosimbwa hujifungua yenyewe kwa msaada wa chipu iitwayo TPM hadi kwenye skrini ya kuingia. Kama akaunti yako haina nenosiri, mwizi anabonyeza tu na kuingia, na usimbaji wote umekwenda na maji.

Wengine huogopa kwamba mashine itakuwa nzito. Intel walianza mwaka 2010 kutia ndani ya baadhi ya vichakato maagizo maalumu ya kufanya hesabu za AES, njia ya kusimba inayotumiwa na programu hizi, na kwenye laptopu ya miaka ya karibuni hutasikia tofauti. Mashine ya zamani zaidi ya hapo itahema kidogo.

Sehemu iliyofungwa. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa kompyuta ya pamoja nyumbani. VeraCrypt ni ya bure, ilianza mwaka 2013 ikichukua nafasi ya programu ya zamani iitwayo TrueCrypt, na inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Inatengeneza faili moja kubwa ambayo ukiifungua kwa nenosiri inaonekana kama diski mpya, na ukiifunga inarudi kuwa faili lisilo na maana kwa mtu mwengine. Mimi naliita kasha, kwa sababu linafanana na yale makasha yetu ya misumari ya shaba yenye visanduku vya siri ndani, isipokuwa tofauti moja kubwa: kasha la bibi likipoteza ufunguo, seremala analivunja kufuli na vitu vinatoka vizima.

Kulitengeneza: fungua VeraCrypt, bonyeza Create Volume, chagua encrypted file container, kisha Standard. Lipe jina na mahali pa kukaa. Kwenye ukurasa wa algorithimu acha AES kama ilivyo. Kadiria ukubwa kwa kuzidisha mara mbili ya faili ulizonazo, maana kasha haliongezeki kirahisi baadaye. Andika nenosiri, halafu utaambiwa utikise tikise mausi ili programu ikusanye bahati nasibu. Tikisa mpaka mstari ujae, kisha Format. Kulitumia, chagua herufi ya diski, mfano M, bonyeza Select File, onesha kasha lako, kisha Mount. Ukimaliza, lifunge kwenye dirisha hilo hilo kabla ya kuzima.

Kasha likizidi GB 4 halitaingia kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mpangilio wa zamani wa FAT32. Iandae upya kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

Ukishahamisha faili kwenye kasha, kumbuka za asili bado zipo. Zimo Downloads, zimo kwenye pipa la taka, zimo kwenye folda ya WhatsApp ya kompyuta, na hata ukizifuta, programu kama PhotoRec zinaweza kuzirudisha hasa kwenye diski zinazozunguka. Kama OneDrive imewashwa, zimeshapanda huko, na usimbaji wa diski yako hauzifuati. Zifute kila mahali, kisha jaza nafasi tupu ya diski kwa amri ya cipher /w:C:\ kwenye Command Prompt. Inachukua muda, iache ifanye kazi usiku. Kwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, amri hiyo haina uhakika, na hapo kusimba diski nzima ndiko kunakofunika mabaki.

Faili moja moja. Ukitaka kumtumia mwanasheria hati mbili kwa barua pepe, kasha ni kubwa mno. Tumia 7-Zip: bonyeza kulia faili, Add to archive, umbo la 7z, weka nenosiri, na utie alama Encrypt file names ili hata majina yasionekane. Nenosiri limpitie kwa njia nyengine, kwa mfano mpigie simu. Nenosiri la ndani ya Word na Excel za kisasa nalo si baya, mradi faili ihifadhiwe kama docx au xlsx. Umbo la zamani la 97-2003 ulinzi wake ni dhaifu.

Ile alama ya Encrypt contents iliyomo kwenye Properties za faili za Windows Pro iache. Inafunga faili kwa cheti kilichomo ndani ya akaunti yako, na fundi akiweka Windows upya bila ya cheti hicho kuhifadhiwa, faili zimekwisha.

Hatua ya sita: nenosiri la kasha

VeraCrypt wenyewe wanashauri herufi 20 na zaidi. Usitumie jina la mtoto, namba ya simu, mwaka wa harusi wala methali. Methali ni ndefu, ni rahisi kukumbuka, na kila Mswahili anazijua, akiwemo anayetaka kuingia.

Njia nzuri ni maneno sita yaliyochaguliwa na bahati. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alitangaza utaratibu wa kurusha kete mara tano kwa kila neno, na kulitafuta neno hilo kwenye orodha ya maneno 7,776. Nyumbani unaweza kutumia kamusi: fungua bila ya kuangalia, weka kidole, andika neno, rudia mpaka yafike sita. Utapata kitu kama bakora shubiri dari mfereji tisini pweza. Mfano huo usiutumie, umeshaandikwa hapa. Usiyabadilishe maneno kwa sababu hayakupendezi. Ukianza kuchagua, bahati imetoka.

Hatua ya saba: ufunguo ukuzidi umri

AES ilitokana na kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikafanywa kiwango rasmi Marekani mwaka 2001, na mpaka leo hakuna njia inayojulikana ya kuivunja ikitumika sawasawa. Fundi anayekwambia "lete, nitaifungua kwa programu" ama atakufutia diski ama atakula pesa yako. Ubora huu ndio unaoleta balaa la nyumbani.

Fikiria baba mwenye duka Mkunazini. Ni mtu makini. Orodha ya madeni yake, anayodai na anayodaiwa, ameiweka kwenye Excel ndani ya kasha, pamoja na hati za shamba la karafuu na wasia. Anafariki ghafla. Kabla ya urithi kugawiwa, gharama za mazishi zitolewe, madeni yalipwe, na wasia usiozidi theluthi utekelezwe. Watoto wanaijua kompyuta, wanaliona hata faili la kasha, GB 2, na hawawezi kulifungua. Anayedai atakuja mwenyewe. Anayedaiwa huenda asije. Jambo hilo lifike kwa Kadhi, lifike Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, hakuna anayeweza kuiamuru AES ifunguke.

Kwa hiyo nenosiri la kasha na tarakimu 48 za BitLocker ziandikwe kwa mkono, kwa kalamu ya risasi au ya wino mzito, si kuchapishwa kwa printa ya wino wa maji ambao masika yanaufuta. Andika pia maelezo ya mistari mitatu: faili la kasha linaitwaje, liko wapi, linafunguliwa na programu gani. Mrithi asiyejua VeraCrypt ni nini, nenosiri tupu halimsaidii. Tia kwenye bahasha, ifunge, tia saini juu ya mkunjo ili ikifunguliwa ijulikane. Bahasha moja ikae na hati za nyumba, ya pili kwa mtu wa nje ya nyumba: kaka, dada, mtoto aliyeolewa. Mwambie kwa maneno ya wazi: "Dada, hii usiifungue nikiwa hai mpaka nikuombe. Nikiondoka, ifungue mbele ya wenzako."

Wapo wanaogawa maneno matatu kwa mtu mmoja na matatu kwa mwengine, ili asiweze yeyote peke yake. Mimi siipendi njia hii kwa familia. Mmoja akihama au akipoteza karatasi, wote mmekosa. Itumie tu kama hofu yako kubwa ni hao hao watu wawili, na kama ni hivyo pengine unahitaji mwanasheria kabla ya VeraCrypt.

Usiuhifadhi ufunguo kwenye kompyuta ile ile, wala kwenye barua pepe ambayo nenosiri lake unalikumbuka kupitia kompyuta ile ile. Na orodha ya madeni, hata kama umeisimba, chapisha nakala moja kila baada ya muda na uiweke na wasia. Wakaazi wa Unguja waliokaa bila ya umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa thamani ya karatasi.

Hatua ya nane: jaribu, kisha ishi nayo

Zima kompyuta kabisa, iwashe, fungua kasha kwa kuisoma karatasi na si kwa kumbukumbu. Ukikosea herufi moja kwenye karatasi utaijua leo na si baada ya miaka mitatu. Rudia zoezi hili kila Ramadhani inapoingia, au tarehe yoyote usiyoweza kuisahau. Ukibadilisha nenosiri, bahasha zote mbili zibadilishwe.

Mashine iliyolazwa kwa kufunga kifuniko tu bado ina funguo kwenye kumbukumbu yake. Ukienda bandarini au uwanja wa ndege, izime.

Ukiipeleka kwa fundi, funga kasha kwanza, na kama diski nzima imesimbwa, ingia BitLocker uchague Suspend protection kabla ya kuikabidhi. Kwenye Home isiyo na chaguo hilo, nenda na ufunguo wako wa uokoaji. Kubadilisha madabodi, kusasisha BIOS (programu inayoiamsha mashine), hata kuzima Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwasha), vyote vinaweza kuifanya mashine idai tarakimu 48. Kama kazi ni ya skrini au kibodi na mashine inaruhusu, itoe diski ubaki nayo nyumbani. Fundi muungwana hatakasirika.

Skrini ya buluu inayodai ufunguo ikitokea, usianze kubahatisha na usikubali mtu aiweke Windows upya. Soma pale pale kwenye skrini, utaona Key ID yenye herufi na namba. Fungua ukurasa wa funguo kwa simu, au karatasi yako, utafute ufunguo ambao Key ID yake inaanza na herufi nane zile zile, kwani akaunti moja inaweza kuwa na funguo za mashine kadhaa. Ziandike tarakimu kwa mafungu ya sita sita. Ikishafunguka, ukirudi ndani, nakili fungu la kwanza na la pili kwenye diski ya nje kabla ya kufanya jambo jengine lolote.